Alama ya Ng'ombe Kwenye Filamu

Mjukuu wangu Halima,

Huku Garsen tu wazima. Shangazi yako amejifungua salama, mtoto wa kike.

Unauliza kwa nini filamu haishiki kwenye kamera ya marehemu ami yangu. Kamera ile hutiwa filamu kwa chini, kwa hiyo ncha ya filamu hukatwa nyembamba na ndefu, kama ulimi.

Miaka ya hamsini, ami aliukata ulimi huo vizuri, kisha akautia pengo pembeni, lile lile tunalowakata ng'ombe wetu masikioni.

"Ikienda Malindi kusafishwa, isichanganyike na za watu," alisema. Nikaona ana akili.

Akampiga mama yangu picha, ameshika ndama, anacheka. Filamu ilirudi tupu. Ulimi ulikuwa umechanika penye pengo, filamu ndani haikusogea hata kidogo. Mama akafariki kabla ya kupigwa nyingine.

Basi wewe kata bila alama. Lakini nisaidie, mwanangu. Picha ile naikumbuka, iko kwenye karatasi, kona moja imekunjika. Nimepekua sanduku lote. Mimi niliiona wapi?

Babu yako