Sentimita Nne Kwenye Suruali ya Baba

Mwaka umetimia leo, Mama, tangu ulipotutoka asubuhi ile, ukiwa kwenye kitanda chako mwenyewe, dirisha wazi kama ulivyotaka, na tepu ya kupimia imetundikwa kwenye msumari badala ya kuwa shingoni mwako. Tumekaa chumba cha mbele, chumba cha cherehani: Baba, Kaka na mimi kitinda mimba wako. Kalamu ya tangazo hili la kumbukumbu wamenikabidhi mimi. Kaka anasema nisitie chumvi. Baba anasema nitie kidogo.

Wateja walikuita Mama Tepu. Ulimpima mtu kwa macho kabla hajamaliza kukusalimu. Binti akija kutaka gauni la kubana mpaka basi, ulimtazama juu hadi chini ukamuuliza, "Mwanangu, unataka gauni au unataka bandeji?" Alicheka, akapimwa, akaondoka na nguo anayoweza kukaa nayo, kula nayo na kupanda nayo ngazi.

Na ndani ya kila nguo uliacha akiba. Mafundi wengine huacha sentimita mbili za kitambaa kwenye mshono, wengine moja na nusu, kinachobaki wanajua wenyewe kinakokwenda. Wewe uliacha nne. Nilipoanza kazi nilikuuliza kwa nini tunajichosha hivyo. Ukanijibu bila kuinua macho, "Mwili wa mtu hautulii. Siku akinenepa, arudi tumfungulie. Kwa nini atupe nguo nzima?" Watoto wa mtaa huu wamevaa sare moja miaka na miaka kwa ajili ya akiba zako, na mama zao bado wanatusimamisha njiani kukutaja.

Mtu mmoja tu hukumshonea, naye ni mumeo. Fundi baiskeli, kibanda chake kimepakana na chumba chako, ukuta mmoja tu katikati. Anabeba spana mfukoni mpaka mfuko unatoboka. Suruali zake ulizitia viraka, lakini mpya hukumpa. "Siku ukiacha kuweka spana mfukoni, nitakushonea," ulimwambia kupitia ukuta. Naye akajibu kupitia ukuta huohuo, "Siku ukinishonea, nitaacha spana!" Ubishi huo ulidumu miaka thelathini na moja, na hakuna aliyekubali kushindwa.

Kisha kikaja kile kikohozi. Mara ya kwanza tuliambiwa ni kifua tu, ukapewa dawa. Mara ya pili wakakupima kifua kikuu, hakipo. Mgongo nao ulipoanza kuuma, sote tukasema ni mgongo wa cherehani, tukakununulia mto wa kukalia. Miezi ikapita hivyo. Tulijilaumu sana kwa ajili ya mto ule, Mama, ingawa wewe uliupenda mpaka mwisho na hukutaka mtu mwingine aukalie.

Siku ya majibu tulikwenda wote wanne. Daktari alikuwa dada kijana, mpole, macho yamemchoka. Alieleza mengi. Alisema ni saratani ya mapafu, uvimbe una sentimita nne upande wa kulia. Akasema imefika kwenye mfupa wa mgongo, ni hatua ya nne, haitafaa upasuaji, utaanza vidonge. Katika yote hayo, sisi familia ya fundi cherehani tukashika kipimo.

"Sentimita nne?" ulimuuliza. Ukaivuta tepu kutoka shingoni, ukabana nne kati ya vidole viwili, ukatuonyesha. "Hii tu? Hii si ni akiba ya mshono tu! Hii naifumua kabla chai haijapoa."

Tukacheka. Daktari hakucheka, na sisi hatukuona kwamba hakucheka. Tulirudi nyumbani tumejaa furaha, na kila aliyeuliza tulimpimia kwa vidole. Kaka aliandika namba nne kubwa kwenye kalenda ya ukutani ili tuione ikishuka.

Nayo ikashuka. Baada ya miezi miwili ya vidonge, picha mpya ilionyesha sentimita mbili na nusu. Kaka akapiga makofi mle ndani ya chumba cha daktari kana kwamba timu yake imefunga bao. Daktari akangoja amalize, kisha akasema kwamba mgongoni imeongezeka, na sasa kuna doa kwenye ini.

"Sasa daktari, imepungua au imeongezeka?" Kaka alifoka. "Chagua moja!"

"Vyote viwili, kaka yangu," alisema daktari, akaanza kueleza upya, lakini masikio yetu yalikuwa yameshafungwa.

Wiki ile nyumba ilivurugika. Kaka alisema una saratani tatu, ya mapafu, ya mfupa na ya ini, basi tutafute madaktari watatu. Shangazi, wifi yako asiyekosa neno, alisema daktari yule bado mtoto, anajifunzia kwako. Mimi nilishikilia mbili na nusu yangu nikasema unapona, na aliyepinga nilimnunia. Tulibishana juu ya kichwa chako huku wewe umekaa katikati unakunja vitambaa.

Baba hakubishana. Alivuta sigara ujanani, akaacha Kaka alipozaliwa, na sasa alikuwa amejihukumu mwenyewe. Chakula chake kilirudi jikoni kama kilivyokwenda. Wewe ndiye uliyegundua wa kwanza, kwa sababu spana zilikuwa zimenyamaza upande wa pili. Ulisimamisha cherehani, ukatega sikio ukutani, ukaniambia, "Baba yako hafanyi kazi. Mwite." Akaja, akasimama mlangoni hapo, akasema, "Mimi ndiye niliyekuletea." Nilitoka nje nikawaacha, lakini sauti yako niliisikia: "Kalete sahani yako hapa, mume wangu, hatujamaliza."

Kliniki iliyofuata ulikwenda na karatasi ya kaki, ile tunayokatia mifano ya nguo, na kipande cha chaki. Uliitandaza juu ya meza ya daktari, juu ya mafaili yake.

"Mwanangu, mimi ni fundi," ulimwambia. "Mteja akinieleza nguo nisipoielewa, simwachi aondoke. Namchorea, namrudishia maneno yake, akikubali ndipo nakata. Wewe umetueleza mara mbili, na hawa wangu wameelewa kila mtu lake. Leo nichoree."

Daktari alikutazama, akasogeza mafaili, akachora. Mapafu mawili, uti wa mgongo, ini. Doa moja kubwa, madoa madogo. Alichora vibaya sana, Mama, ini lilifanana na kiatu, lakini tulielewa.

"Kwa hiyo ni uzi mmoja," ulisema, kidole juu ya karatasi. "Umeanzia hapa kwenye pafu, ukaja kutokea mgongoni, na hapa kwenye hiki kiatu. Si nyuzi tatu."

"Ni mmoja, mama. Hata ikiwa kwenye mfupa, bado ni saratani ya mapafu."

"Vidonge vinaubana hapa, unaponyoka pale. Ndiyo maana imepungua na imeongezeka."

"Ndivyo hasa."

"Na hata hapa pafuni ukibaki sentimita moja, bado uko kule kwingine. Haufumuki wote."

"Hatuwezi kuutoa wote, mama," alisema daktari taratibu. "Tunaweza kuuchelewesha. Na maumivu tunaweza kuyatuliza, hilo nakuahidi tutalishughulikia."

Kaka akauliza zimebaki siku ngapi, ukamkata kauli. "Siku hazinisaidii. Daktari, niambie nguo ngapi."

Alifikiri kweli, hakukujibu kukuridhisha. "Sijui, mama. Moja, nadhani utaimaliza. Anza na ile unayoitaka zaidi."

Ukaitikia kwa kichwa, kisha ukamnyooshea Baba kidole. "La pili ni huyu mzee. Alivuta sigara zamani, sasa hali chakula. Mwambie ukweli, usimpambe."

"Mzee," daktari alisema, "sigara inaleta saratani ya mapafu, hilo silifichi. Lakini hii ya mama sijui imetokana na nini, na hakuna atakayeweza kukwambia. Nina wagonjwa ambao hawajavuta wala hawajakaa na anayevuta. Wewe ukikaa na njaa, mama hapungukiwi na chochote isipokuwa mume."

Baba alijipangusa machozi kwa kile kitambaa chake cha grisi, akabaki na michirizi myeusi chini ya macho. Ukamtazama. "Haya, na wanja amepaka!" Ukacheka mpaka ukakohoa, daktari naye akacheka, na safari hii alicheka nasi.

Karatasi ile ukaibandika juu ya cherehani kwa pini nne. Mgeni akija na pole zake, ulimwonyesha kwa ncha ya mkasi na kumwelezea mwenyewe, kisha ukamwambia akurudishie. Shangazi alishindwa mara mbili, ya tatu akapatia, na tangu siku hiyo akawa yeye ndiye msemaji wa mtaa mzima. Kaka aliifuta namba kwenye kalenda. Hatukuwa tena na la kubishania. Tulijua kwamba unaondoka, na kwa kujua tukapata nafasi ya kukaa nawe. Hatuoni haya kusema kwamba miezi ile ilikuwa mizuri.

Ukachagua nguo yako. Ulimwita Baba, ukamsimamisha katikati ya chumba. Kiuno chake kilikuwa tisini na mbili siku zote. Ulipoifunga tepu ikasoma themanini na nne, nikaona ulivyoishika kwa muda.

"Nitashona themanini na nne," ulisema. "Sishonei mtu wa zamani. Lakini nyuma nakuachia akiba yangu ya nne, na nataka uimalize."

"Niimalize vipi?"

"Kwa kula, wewe! Kwani mtu hunenepa kwa kufanya nini?"

Suruali moja ulikuwa ukiishona kwa siku moja. Ile ilichukua wiki saba. Miguu ilipokosa nguvu mimi nilikanyaga pedali, wewe ukaongoza kitambaa. Ulinifokea nikikanyaga haraka na ukanifokea nikikanyaga polepole. Siku moja uliisimamisha kazi ukaniambia, "Nikiondoka lieni, lakini msimwache baba yenu apungue. Hilo tu ndilo nililo nalo moyoni. Mengine yote nimeyapinda, yamekwisha." Nikakuahidi, ingawa sikujua nitalitimiza vipi.

Mifuko uliishona kwa turubai. Baba alipoivaa suruali, alitia spana kubwa kuliko zote, akarukaruka hapo hapo, mfuko ukastahimili. "Nimeshinda," alisema. Ulikuwa umejilaza kitandani, ukamjibu, "Nimekuacha ushinde." Siku tisa baadaye ukaenda zako.

Mwanzoni tulikaribia kukuangusha, Mama. Mwezi wa pili nilimwona Baba akitoboa mkanda wake kwa msumari, tundu jipya, ndani zaidi ya yote. Nilimwita Kaka. Tangu hapo Kaka anakuja kila mchana kupika, na unamjua Kaka. Maharage yake yanahitaji spana. Baba alikula kwanza ili apate la kumcheka, kisha akala ili amwelekeze, na siku moja akamsukuma kando akapika mwenyewe. Spana zikaanza kusikika tena ukutani. Mimi nilikuwa nashona, nikasimama kidogo kuzisikiliza.

Wiki iliyopita alikuja mlangoni ameshika kifungo, hakifiki kwenye tundu lake. "Mwanangu, suruali hii imerudi. Mmeifuaje?"

Nikamsimamisha pale ulipomsimamisha wewe. Tepu ikasoma themanini na nane. Nikachukua kiwembe nikafumua mshono wa nyuma, na ndani nikakuta mstari wa uzi mwekundu, mishono mirefu ya mkono wako, kuanzia kiunoni kushuka, sentimita nne kamili. Ulikuwa umeshaonyesha pa kupitisha sindano siku hiyo ikifika. Nililia nikiwa nimekaa kwenye mto wako, kisha nikapitisha sindano.

Baba aliivaa bila mkanda. "Akiba imebaki kiasi gani?"

"Imekwisha yote, Baba."

"Basi mwandikieni," alisema. "Ajue."

Ndiyo sababu ya tangazo hili.

Tunaokukumbuka: mumeo, fundi baiskeli; mwanao mkubwa, mpishi asiyekata tamaa, pamoja na mkewe, mkwe wako uliyemwita mke mwenzio kwa utani; wajukuu wako watatu, ambao bado wanavaa ulivyowashonea; wifi yako, msemaji wa mtaa; na mimi, niliye kwenye cherehani yako.

Haipiti siku bila wewe kutajwa humu ndani, Mama, wala haitapita. Suruali imemtosha.