Meno ya Bagalwa

Goma, 9 Juni 2011

Dada yangu mpendwa Philomène,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mke wangu Élodie. Sisi ni wazima, tunamshukuru Mungu. Huko Butembo hamjambo? Mguu wa shemeji umepona? Nijibu safari hii, usinyamaze kama ulivyozoea.

Unamkumbuka Bagalwa, yule mwenye lori? Ndiye aliyemshusha mama barabarani tulipokimbia vita kutoka Kibumba, akapakia magunia yake ya viazi mahali pake. Mama alifia Kibati, akitembea. Sijamsamehe.

Basi, mwaka jana aliingia kwangu hapa Mugunga, ninapotengeneza meno ya bandia. Ufizi wa chini ulikuwa mtupu. Hakunitambua. Nilimpa kiti, nikampima, nikamtengenezea.

Baada ya miezi mitatu akarudi analalamika kwamba nyama imeota kando ya meno yale, ukubwa wa haragwe. Nikayapitishia tupa, nikamrudishia. Nyama ikazidi. Hospitalini walikata kipande wakapima, wakasema si kansa, ni nyama tu inayoota mahali panaposuguliwa kila siku; arekebishiwe meno. Hakuwaamini. Aliniambia, “Hii haiko meno. Ni bibi yangu alinitilia karuho.” Kwa sumu hiyo aliyojiwazia akamfukuza mkewe, mama Cibalonza, na nguo alizovaa tu. Majirani walimzomea mwanamke huyo, wengine wameshika mawe.

Dada, nakuambia wewe peke yako: ni mimi. Ukingo wa meno yale niliuacha mkali makusudi, na kila aliporudi nilisugua upande mwingine. Nilitaka aumie kila tonge. Nilifurahi mno, sitakudanganya. Lakini yule mwanamke hakumshusha mama yetu.

Wiki iliyopita nilimfuata alikojificha kwa dada yake, nikamweleza yote. Nilidhani atanilaani. Aliuliza kama nyama ile inaua. Nikasema hapana. Akasema, “Papa Darius, mimi kwake sirudi. Majirani uwaambie hakuna karuho. Ile meno, uache kwanza vile iko.”

Majirani nimewaambia ni meno yanayomsugua tu, wakanisadiki, maana fundi ni mimi. Hata Bagalwa sasa amekubali kwamba ni meno. Jumatatu ananiletea niyarekebishe.

Msalimie shemeji na watoto wote, na barua hii uichome ukishaisoma.

Mdogo wako akupendaye,
Darius