Furu wa Chupa ya Pembeni

Jumanne, 11 Machi

Kuongeza spiriti kwenye chupa za samaki hapa kituo cha utafiti tangu asubuhi. Rafu ya tatu imekwisha. Mikono inanuka zahanati. Furu, samaki wadogo wadogo wa aina nyingi, wote wamepauka, na wengi wao ziwani hawapo tena tangu sangara alipowamaliza. Yule wa chupa ya pembeni yuko peke yake. Taya la chini limechomoza kama la shangazi anayebishana. Wa aina yake hajavuliwa tangu sijazaliwa. Huwa namwamkia shikamoo, maana kwa umri ni mkubwa wangu.

Jumatano, 12 Machi

Jioni nyumbani, Mkolani, nachambua dagaa. Mchanga huku, furu huku. Furu ni wa kuku, ndivyo tulivyolelewa. Mmoja nikamtupa, kisha mkono ukaganda. Taya. Nikamwokota. Mkavu, ila taya ni lile lile. Nimemweka juu ya kabati, kesho nimpeleke kazini.

Alhamisi, 13 Machi

Hayupo. Mama mkwe aliamka kabla yangu, akafuta kabati.

"Si furu tu, Mama Neema? Nimewapa kuku."

Siwezi kumlaumu. Mimi mwenyewe nimewapa kuku maisha yangu yote, na sijui wangapi walikuwa wa taya hili. Nililia chooni kazini. Mkuu wangu hakunicheka. Alisema tu kwamba bila samaki mkononi hayo ni maneno.

Ijumaa, 14 Machi

Muuza dagaa anasema mzigo ulitoka mwalo mmoja, boti zinaposhushia samaki, upande wa Sengerema. Lakini sasa ni mbalamwezi. Dagaa huvutwa kwa taa, kwa hiyo boti zao haziingii ziwani mpaka giza lirudi. Nachukia kungoja.

Jumatano, 19 Machi

Mwezi bado. Nimemkasirikia kila mtu, hadi kuku.

Jumamosi, 22 Machi

Nilivuka kwa kivuko cha kwanza, chupa ya spiriti kwenye mkoba. Boti zikashusha dagaa, nikapekua. Wavuvi walinicheka, mama mzima anatafuta furu. Mwisho mwenye boti mmoja akaniita.

"Mama, njoo. Huyu wako bado anahema."

Ndani ya ndoo. Taya lile. Hai. Nilipiga magoti kwenye matope. Mgongo unang'aa kijani, rangi ambayo chupani haipo. Kisha akafungua mdomo, vikatoka vitoto, vidogo kama punje za mchele. Vikaogelea mbele ya uso wake. Kivuli changu kilipoviangukia, vyote vikarudi mdomoni, akafunga. Nilijua kwa kusoma kwamba furu hulea hivyo. Sikuwahi kuona.

Mkono wangu ulikuwa kwenye kifuniko cha chupa. Sikuweza kumtumbukiza. Nilipiga picha moja kwa simu, kisha nikamwomba mwenye boti tumrudishe penye kina. Akanitazama kama mgonjwa, lakini akapiga kasia.

Jumatatu, 24 Machi

Picha ni ya ndoo na kidole changu, samaki haonekani. Mkuu aliitazama, akaitazama chupa tupu, akasema haandiki chochote kwa ushahidi huo. Sawa. Nimemwamkia yule wa pembeni, nikampa habari za kwao.

Jioni tumechambua dagaa sisi wawili, mimi na mama mkwe. Kila akikuta furu anamwinua kwenye mwanga, anatazama taya, anamweka kwenye kisahani. Kuku wamesimama mlangoni, wanangoja.