Mikono Iliyoshikana Ndani ya Mashine

Alhamisi, 10 Julai

Ukungu tena, umeondoka karibu saa nne. Nimevaa sweta mbili darasani. Mguu wa kushoto umekufa ganzi katikati ya hesabu, mwalimu mwingine alipoingia nikashindwa kusimama. Amina, anayekaa nyuma yangu, akasema: "Zipu leo amegoma." Wananiita Zipu kwa sababu mdomo wangu haufunguki.

Kesho siendi shule. Nashuka mjini na Mama kwa kipimo cha MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku na mawimbi ya redio. Daktari anataka kuona kama kuna kitu kinabana neva mgongoni. Bila picha hawezi kusema kama nitapasuliwa. Naogopa picha. Naogopa pia kuikosa.

Ijumaa, 11 Julai

Nimerudi. Naandika kitandani.

Mashine ni bomba refu. Unalala, unasukumwa ndani, paa liko karibu na pua. Mtaalamu wake anaitwa Kaka Joel. Aliuliza uzito wangu, Mama akawahi: "Hamsini na tano." Sijawahi kufika huko. Mama hapendi watu wajue nimekonda. Nikanyamaza. Kaka Joel akanilaza mikono ubavuni, akanipa kimpira cha kubonyeza nikipata shida.

Kelele zikaanza, kama mabati yanagongwa. Niliogopa mno. Nikafanya nilichofundishwa shule ya Jumapili: mikono kifuani, viganja vimeshikana, nikasali. Kimpira nikakiacha.

Joto likaja. Mwanzoni nililifurahia, nimetoka kwenye baridi ya Lushoto, mwezi wa saba. Kisha likakusanyika mahali pamoja, pale vidole gumba vilipogusana. Likawa linachoma. Ikaja sauti ya Kaka Joel kwenye spika: "Hujambo, mdogo wangu?"

"Sijambo. Shikamoo."

"Marahaba. Tunaendelea."

Basi. Nilijifungia humo mwenyewe. Mtu mzima akikujulia hali, unasema u mzima. Sikufundishwa jibu jingine.

Jumapili, 13 Julai

Lengelenge kwenye kidole gumba cha kulia. Mama ameliona kanisani, anadhani nimeungua na sufuria ya chai. Sikukanusha. Wakati wa sala sikushikanisha mikono. Mzee wa kanisa alinitazama mpaka sala ikaisha.

Jumatano, 16 Julai

Wamepiga simu kutoka hospitali. Picha za mwisho zimeharibika, nilitikisika. Nirudi Jumatatu.

Nimekwenda nyuma ya nyumba, nikatapika kando ya kabichi. Siwezi kurudi mle. Siwezi kutorudi. Ganzi imefika gotini.

Ijumaa, 18 Julai

Fizikia. Mwalimu amechora waya uliounganishwa kuwa duara. Akasema nguvu ya sumaku ikibadilika-badilika katikati ya duara, umeme unazunguka ndani ya waya. Nikaitazama mikono yangu juu ya dawati. Bega, mkono, mkono, bega. Ukiishikanisha, ni duara. Mawimbi ya redio ya ile mashine yalipata njia ya kuzunguka, na pale pembamba palipogusana ndipo palipoungua.

Nadhani ni hivyo. Nilitaka kumuuliza mwalimu. Mkono haukunyanyuka. Najichukia.

Nimemweleza Daudi, mdogo wangu, peke yake. Ana miaka minane. Amefikiri, akasema, "Dada, wakikupika tena utuletee mchuzi."

Jumapili, 20 Julai

Kesho. Sijala.

Jumatatu, 21 Julai

Nilimwonyesha Kaka Joel kidole, nikasema ni mashine, hata kabla sijamwamkia. Mama alishtuka kwa yote mawili.

Alikishika, akakigeuza. Hakunigombeza. "Sasa mbona ulinijibu sijambo?"

"Uliniuliza hujambo."

 Akanipandisha kwenye mizani. Kilo arobaini na nne. Mama akatazama sakafu. Kaka Joel akatueleza kwamba mashine inapangiwa nguvu yake kwa uzito wa mgonjwa, na miili haipati joto sawa: mwembamba, mnene, mwenye homa, mwenye chuma mwilini, kila mmoja na lake. "Ijumaa ile nilikupa nguvu ya mtu mwingine," alisema. "Mizani ilikuwa hapa hapa." Nikamwambia kuhusu duara. Akasema ndiyo, ndiyo maana mikono huwa anailaza ubavuni, ila hakuniambia sababu.

Aliweka nguo zilizokunjwa kati ya mikono na mwili. Kimpira akakifunga kwa plasta kwenye kiganja changu.

Ndani palikuwa palepale. Paa lilelile puani. Nililia bila kutikisika, machozi yakaingia masikioni. Lakini kila kelele zilipokoma hakuniuliza hujambo. Aliuliza, "Wapi pana joto?"

"Hakuna."

"Wapi pana joto?"

"Hakuna."

Halafu magoti. Yalikuwa yamegusana, pakaanza kuchoma.  Nikabonyeza.

Mashine nzima ikanyamaza. Akaja, akaweka taulo katikati ya magoti, akarudi. Tukamaliza.

Jumatano, 23 Julai

Majibu bado. Ukungu.

Asubuhi jikoni Mama ameniuliza nimeamkaje. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema salama. Nikasema mguu umekufa ganzi hadi pajani, na naogopa kupasuliwa.

Ameepua chai. Ameketi kwenye kigoda, akaupakata mguu wangu, akausugua taratibu, ananisemesha Kishambaa kama nilipokuwa mdogo. Tumekaa hivyo. Chai imepoa, hakuna aliyeinuka kuipasha.