Mama Mkwe Kaniomba Radhi kwa Moto Alioniwashia

Ijumaa, mwezi wa saba. Baridi. Tangu asubuhi ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, na mimi nimeamka na hasira ile ile niliyolala nayo.

Nimeshuka mjini na Neema kwa ajili ya chanjo, maana zahanati ya kwetu Kibosho imeishiwa. Kadungwa, kalia, sasa kalala mapajani mwangu hapa kwenye duka la intaneti anapofanya kazi mdogo wangu Rose. Ni yeye aliyenifungulia ukurasa huu. Alisema, dada, badala ya kumlalamikia shemeji kwenye simu mpaka vocha iishe, andika. Haya, naandika. Kidole kimoja kinabonyeza, mkono mwingine umeshika mtoto. Atakayesoma asome.

Chanzo cha yote ni hiyo kaboni.

Wakati wa masika walikuja watu wa mradi wa mazingira, wakatugawia miche ya miti. Wakatufundisha kwamba kila binadamu ana unyayo wake wa kaboni, yaani moshi wote anaousababisha kwa kupika, kusafiri, kula na kununua. Ukiujumlisha unajua unaidhuru dunia kiasi gani. Nililipenda somo lile. Mimi niliishia darasa la saba lakini nilielewa. Barafu ya mlima wetu naiona inavyopungua, na mfereji unaopita kwetu siku hizi unaleta maji kama ya kuibiwa. Nikasema hili ni jambo langu, nina mtoto tumboni, nataka ayakute maji.

Nikajifungua. Neema akiwa bado mchanga kabisa, wakarudi kupima moshi wa kila nyumba.

Sasa, kwa asiyejua mambo ya huku: kwetu mwanamke akijifungua anakaa ndani miezi mitatu. Halimi, hachoti maji. Anakunywa mtori wa ndizi na maziwa, anakula nyama, na pembeni yake moto hauzimwi, maana huku mlimani baridi haina huruma kwa kichanga. Mwenye kazi ya kumtunza mzazi ni mama mkwe. Mama yangu huyu, mama yake Deo mume wangu, aliifanya kazi hiyo kama vile mimi ndiye niliyezaliwa. Deo yuko Himo, gereji ya malori, anarudi Jumamosi. Aliyekuwa anaamka kusogeza kuni ni mama.

Na kuni zenyewe ni visiki vya kahawa. Bei ya kahawa ilipoanguka waling'oa mibuni mizee, na mama akavipanga visiki kwenye uvungu wa banda. Hakuruhusu mtu kuvigusa. Alikuwa anamwekea mjukuu ambaye hata mimba yake haijatungwa.

Mpimaji hakuuliza hayo. Aliuliza kuni za msitu au za kununua. Mama alipoanza kumweleza habari za visiki, akasema, "Bibi, nijibu moja kati ya hayo mawili." Akauliza moto unawaka muda gani. Mama, kwa majivuno yote ya kuwa na mzazi ndani, akasema, "Hauzimwi!"

Jumapili iliyopita, baada ya misa, wakasoma matokeo ukumbini. Mbele ya watu wote. Mimi nilikuwa ndani na mtoto, ila mama alikuwepo. Nyumba yetu ikatajwa ya kwanza kwa moshi kijijini kote. Watu wakacheka. Mama Aika jirani yetu, mdomo wake haujawahi kupata mlinzi, akamwambia, "Kumbe mwenzetu una kiwanda!"

Mama alirudi nyumbani. Akavuta visiki jikoni kimoja kimoja, akavizimia kwenye majivu. Mtori wangu akaenda kuupikia nje, chini ya migomba, kwenye manyunyu, amejifunika kanga kichwani.

Jumatatu asubuhi akaja na isale.

Hapa nitaeleza tena. Isale ni mmea wa majani marefu, tunaupanda kwenye mipaka ya kihamba, yaani shamba letu la migomba na kahawa. Lakini ukimkosea mtu kosa zito, unakata isale unampelekea. Hapo umemwomba radhi, na yeye kwa mila hawezi kukataa.

Mama mkwe wangu, aliyenilisha kwa mkono wake, alisimama mlangoni na isale akaniambia, "Mama Neema, nisamehe. Nimemvutisha mjukuu wangu moshi. Nimeharibu mlima."

Nilishindwa kupokea.

Ningekataaje? Isale halikataliwi. Lakini ningepokeaje? Nikipokea nimekubali kwamba alinikosea. Kosa gani, la kunipa joto? Nikamwambia aliweke kwenye kikombe cha maji juu ya kabati, nitampa jibu. Akaliweka. Tangu siku hiyo akawa ananisalimia kama mgeni. Anakuja, anaweka chakula, hachezi na mtoto, anaondoka. Nikasikia anakohoa huko nje kwenye baridi, na kila akikohoa mimi ninaumia, kwa sababu jibu linalosubiriwa ni langu.

Niseme na ukweli ambao unanitia hasira zaidi. Moshi ulikuwepo. Macho yalikuwa yananitoka machozi, na Neema alikuwa anapiga chafya. Jiko letu halina dirisha. Wale watu kwenye hilo hawakudanganya, na laiti wangekuja wakasema, mama, tuboe ukuta hapa, ningewabusu mikono. Lakini wao wamempima mwanamke katika miezi ya uzazi, halafu wakasema huo ndio unyayo wake wa maisha. Hata mimi na elimu yangu hii najua huwezi kumpima ng'ombe uzito siku anayokaribia kuzaa ukasema ndiyo nyama yake.

Jana walikuwa na kikao kingine ukumbini. Mzazi hatoki ila kwa chanjo ya mtoto, najua. Nilitoka. Nilimfunga Neema kwa mtandio mzito nikaenda, na wanawake waliponiona mlangoni wakaguna wote kwa pamoja kama vile nimekuja uchi.

Nje gari lao kubwa lilikuwa linanguruma, dereva amekaa ndani amefunga vioo, anapata joto. Mtaalamu wao ni kijana wa Machame, Mchagga mwenzetu, anasema vizuri. Alipouliza kama kuna swali, nikasimama.

Nikauliza, "Hilo gari nalo mlilipima?"

Watu wakacheka. Naye akatabasamu, akasema, "Mama, swali zuri. Sisi unyayo wetu tumeshaufuta."

"Mmeufuta kwa kitu gani?"

"Kwa miti. Ile miche tuliyowagawia, moshi inaoumeza unahesabiwa kwa safari zetu, za gari na za ndege."

Alisema bila aibu hata kidogo. Nadhani hata hakujua kwamba kuna aibu.

Mimi miche ile naijua. Iko kwenye kihamba chetu, chini ya ukuta wa zizi. Mama anainyweshea kila jioni, anabeba ndoo kutoka mfereji na mgongo wake ule. Ardhi yetu, maji yetu, samadi ya ng'ombe wetu, kiuno cha mama yangu. Na kumbe kwenye hesabu zao, mti ule ni wa kwao, moshi peke yake ndio wetu!

Nikamwambia, "Kaka, wewe ni Mchagga. Mama mkwe wangu ameniletea isale kwa sababu ya yale mliyosoma Jumapili. Anayefuta moshi wenu ndiye anayeniomba mimi radhi. Isale hilo lilitakiwa litoke kwa nani?"

Akaangalia viatu vyake. Mtu wa Ulaya angeuliza isale ni nini. Yeye hakuuliza. Alijua.

Gari likaendelea kunguruma huko nje. Ndipo mama Aika, yule yule wa kiwanda, akasema kwa sauti, "Mjibu mtoto wa mwenzio, baba. Lakini kwanza kamwambie dereva azime."

Dereva akazima. Yule kijana akasema wataliangalia suala hilo ofisini.

Nilirudi nyumbani, nikachukua isale kwenye kikombe nikamfuata mama nje. Nikalishika kwa mikono miwili nikamwambia, "Mama, nimelipokea kwa sababu ni wewe umelileta. Lakini kosa silioni." Nikachukua jembe, ambalo mzazi hatakiwi kulishika, nikaenda mpaka kwenye ile miche. Nikalipanda isale pale.

Mama akanifuata mbio. "Hapo unaweka mpaka na nani? Hapa pote ni petu!"

"Na wenye gari," nikasema. "Kuanzia hapa miti ni yetu. Moshi wetu tutaufuta wenyewe, nao wakapande kwao."

Akanitazama. Halafu akacheka, kile kicheko chake kinachoishia na kikohozi, ambacho sikuwa nimekisikia tangu Jumapili. Akaninyang'anya jembe. Akaongeza udongo kwenye shina, maana nilipanda vibaya, akaushindilia kwa kisigino.

"Mtoto atapata baridi," akasema. "Twende nikawashe."

Tukawasha. Visiki vichache, vikavu, mlango wazi. Nilimwambia kwamba hasira zangu haziondoi moshi kwenye kifua cha Neema, na mtu akikuhesabia vibaya haina maana wewe huna hesabu yako. Akasogeza kisiki, akasema ukuta wa upande wa zizi ni wa udongo, ni laini.

Hasira bado ninayo. Nikimwona yule kijana nitamuuliza tena, na safari hii nitakwenda na mama. Sijui kama mti unaweza kumhama mtu kwenye hesabu za ofisini. Lakini isale huku kila mtu analisoma.

Rose ananiangalia, muda umekwisha, na Neema ameanza kujinyoosha.

Kesho Deo anarudi kutoka Himo. Hatakaa chini kabla hajatutobolea dirisha.