Shahidi wa Ziwa la Mama

Hospitali ya Misheni,
Iramba, Jimbo la Kati.
11 Julai 1956

Mpendwa Dada Rahabu,

Shikamoo. U hali gani huko Moshi? Shemeji Nathanaeli hajambo? Na Yunisi, ameacha kukohoa? Sisi tunapumua, ila upepo wa mwezi huu umetupasua midomo. Ningependa kuandika kwamba wote ni wazima, lakini nitakuwa nimekudanganya.

Mama ana uvimbe kwenye ziwa la kushoto. Ameuficha tangu mavuno ya uwele, akijifunga kanga kifuani kila nilipoingia ndani. Mficha maradhi, unajua mwenyewe yanayomkuta. Mimi na Mjomba Alute tumemleta kwa lori kutoka Mwankoko, naye alitununia njia nzima.

Daktari, Mzungu mpole, anasema hawezi kujua ubaya wa uvimbe kwa kuushika tu. Zamani kipande cha uvimbe kilitumwa Dar es Salaam, na majibu yalikawia mpaka wagonjwa wakaenda zao wasirudi. Yeye hufanya papo hapo. Mgonjwa akiwa usingizini hukata kinyama kidogo, hukigandisha kwa baridi, hukikata tena chembamba sana, hukitia rangi, kisha hukitazama kwa darubini. Kikiwa chema, anashona. Kikiwa kibaya, ziwa zima linatoka wakati huo huo.

Mama akaja juu. "Nilale na maziwa mawili niamke na moja, kwa neno la nani? Hata mbuzi wa tambiko hasomwi matumbo bila mtu wa ukoo kuinama akaona!"

Daktari akakubali mtu wa ukoo aangalie darubini. Mjomba ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Basi shahidi ni mimi, Dada, mimi ninayekimbia hata kuku akichinjwa. Ni kesho asubuhi. Naogopa kutoona kitu, na naogopa zaidi kuona.

12 Julai, jioni

Jana mkono ulikataa kuendelea. Leo naandika nimekaa kando ya kitanda chake.

Walinivalisha joho jeupe wakaniita kwenye chumba kidogo. Mlango ulikuwa wazi nusu, nikaona nyayo za mama zimetokeza kwenye shuka. Daktari alinionyesha kwanza, kwa darubini, kipande cha kioo chenye nyama ya mtu mwenye afya. Niliona vidoa vya zambarau vimekaa kwa duara, kila kimoja mahali pake. Kisha akaweka kioo cha mama.

Dada, ilikuwa kama zizi lililovunjwa. Vidoa vimejaa kila upande, vikubwa kwa vidogo, vinakanyagana, duara hakuna. Nilijua kabla daktari hajafungua kinywa. Nilitamani kusema sikuona vizuri. Nilifikiri, nikinyamaza hapa, labda atashona tu na twende nyumbani.

"Nimeona," nikasema. Daktari akanawa mikono akarudi kwa mama. Nilibaki nimeshika meza, nikihisi ni mimi niliyekata.

Alipozinduka hakugusa kifua. Aliniuliza, "Umeinama mwenyewe?"

"Nimeinama, mama."

"Haya." Akageukia ukutani, na mimi nikalia kimya asinisikie.

Sasa nikwambie lile ambalo hata Mjomba sijamwambia. Nilimuuliza daktari kama yale yaliyovunja zizi yametoka yote. Alisema alikuta dalili kwapani pia, amekata alichoweza kukiona, na mengine hayajui.

Mjomba anakusalimu sana, na Elina wa jirani, na Mchungaji Kefa aliyetuombea kabla ya safari. Mbusu Yunisi. Mungu awafunike ninyi nyote, na wewe akufungulie njia.

Mama hulala na kuamka, na kila akiamka ananitazama usoni. Hilo la kwapani hajaliuliza bado. Ataliuliza kwangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyeona. Njoo, Dada. Njoo kabla hajauliza.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukungoja,
Theodora