Maji ya Upande wa Juu

Jumanne, 4 Machi
Leo wamekuja watu wa chuo kikuu. Gari jeupe, limejaa vumbi. Wanachunguza maisha ya vijijini, ati ijulikane maendeleo yaanzie wapi. Na wao wameanzia wapi? Kwangu! Upande huu wa juu wote wananiita Jemadari, mgeni haulizi mara mbili. Aliyenihoji ni binti wa miwani mikubwa. Nimembatiza Miwani, akacheka. Maswali kibao, sikukwama hata moja. Maji mnapata wapi? Nikamwambia hapo tu. Tangu nioe sijawahi kuinamia mtungi nikaukuta mkavu. Akaandika. Mama watoto alikuwa anapita na ndoo, akanitazama, akatabasamu. Alipenda nilivyojibu.
Jioni nikawapitia wanaume wenzangu. Kesho zamu yenu, nikawaambia, msije mkalialia mbele ya wageni kama ombaomba. Wameelewa. Mimi nikisema nimesema.

Ijumaa, 7 Machi
Wameondoka. Miwani kaniachia kalamu. Wengine hawakupewa.

Jumatatu, 12 Mei
Mama watoto ameanguka. Njia ya kisimani, penye mawe. Wanawake wamempandisha kwa shuka. Hakulia. Ananiambia nisamehe, ndoo imepasuka. Nisamehe!

Alhamisi, 15 Mei
Tumerudi kutoka hospitali ya mjini. Mkwe wangu ndiye aliyetupeleka. Nyonga imevunjika. Daktari anasema moyo wake umechoka, hawezi kupasuliwa, alale tu. Alale mpaka lini? Akatazama makaratasi yake. Nikamfokea. Nikamwambia huyu mwanamke ana nguvu kuliko nyinyi wote humu ndani. Akasema ni kweli, mzee. Sikupenda alivyonikubalia haraka.

Jumamosi, 17 Mei
Binti yetu kaja, kafua, kapika, kaondoka. Ana mtoto mchanga, nitamzuiaje?
Basi nimechota maji mwenyewe. Kushuka si kitu. Kupanda ndiko kwenye shughuli! Kisima kiko kulekule bondeni, milangoni kwa watu wa upande wa chini. Wanawake waliponiona wakatua ndoo zao. Halafu fundi cherehani, jirani yetu yule mjane, akaniuliza: Jemadari, umepotea njia? Mwingine akadakia: Babu, ndoo inabebwa kwa kichwa, haibebwi kwa mdomo! Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nikawaambia nimeanza kubeba mizigo mama zenu hawajazaliwa.
Nimefika na nusu ndoo. Suruali chapachapa. Nikamnywesha. Akauliza kama nimepumzika pale kwenye jiwe bapa. Nikasema mimi sina haja ya kupumzika. Akasema, mimi hupumzika pale, halafu pale kwenye mti uliokauka, halafu nyuma ya zizi, nisikuonyeshe kama nahema.
Miaka yote hii. Nyuma ya zizi letu!
Nilipumzika kote huko. Na kwingine.

Jumamosi, 31 Mei
Watu wa chuo wamerudi kutoa matokeo. Profesa mwenyewe, mtu mpole, viatu vyeusi. Ametandika shuka ukutani na kuonyesha picha ya kijiji kwa mashine. Upande wa juu kijani, maana yake maji si tatizo. Upande wa chini nyekundu. Kwa hiyo pampu ya wafadhili itawekwa chini. Chini! Wenye kisima milangoni!
Wanaume tukatazamana. Fundi cherehani akasimama huko nyuma. Profesa, samahani, hayo ya maji mlimuuliza nani? Profesa akajibu, wakuu wa kaya. Wanawake wakacheka, lakini si kicheko cha kufurahi. Fundi akauliza tena, na ndoo, mlimuuliza nani anayebeba? Profesa akavua miwani, akaifuta. Akasema kuna kaya chache watazirudia kuhakiki, kabla ripoti haijakwenda kwa wafadhili. Yangu imo. Mwenyekiti wa kijiji akaniminya bega: Jemadari, tunakutegemea.
Sikusema uongo mimi. Mtungi ulikuwa umejaa kila siku. Niliulizwa maji, nikaona maji.

Jumanne, 10 Juni
Hali si nzuri. Mgongo umeanza vidonda. Namgeuza kila mara kama alivyoelekeza nesi. Amekuwa mwepesi. Zamani nilikuwa najigamba naweza kumbeba kwa mkono mmoja, akinicheka. Sasa naweza.

Alhamisi, 12 Juni
Miwani kaja asubuhi. Nikamwambia safari hii usiniulize mimi, mjukuu, muulize mwenyewe. Nikampa kigoda, akakaa karibu na kitanda.
Mama, maji mnapata wapi?
Hapo tu, mwanangu.
Ni mbali?
Si mbali. Alivyosema mzee ndivyo.
Nikadhani hajasikia vizuri. Nikainama. Nikamwambia mama watoto, mweleze, mweleze njia, mweleze mawe. Akanitazama kwa yale macho yake. Nimweleze nini, baba watoto? Umesema neno lako mbele ya wageni, mimi nije nilikanushe leo nimelala hivi? Sijawahi.
Miwani akanitazama. Akatazama na ule mguu chini ya shuka. Akauliza polepole: Mzee, niandike imethibitishwa?
Mimi! Ninayemjibu mkuu wa wilaya bila kupepesa! Nikasema ngoja kwanza. Akasema hawezi kungoja sana, wanaondoka leo, atakuwa kwa mwenyekiti mpaka wapakie vitu.
Nikishuka nikasema kweli, wanawake wa huku juu watapata pampu. Lakini nitakuwa nimemfanya yeye mwongo, neno lake la mwisho kwa mgeni. Alilolisema kwa ajili yangu. Nikikaa kimya, yule mjane ataendelea kushuka, na binti zake baada yake.
Gari lao naliona kutoka hapa mlangoni. Wanapakia masanduku. Dereva anafuta kioo.
Mama watoto ameita. Uko wapi? Nikamwambia niko hapa, naandika. Akasema andika basi, ukimaliza uje unigeuze.
Dereva ameweka kitambaa chini ya kiti. Miwani amesimama nje ya gari, anatazama huku juu, amejikinga jua kwa mkono